Mahali Klorini Inapogonga Kwanza

Klorini imekuwa mikononi mwa binadamu kwa karne mbili na nusu. Tangu Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Sweden, alipoipata mwaka 1774 kwa kupasha moto asidi ya chumvi pamoja na madini ya manganizi, imetumika kung'arisha vitambaa, kuosha vidonda, kusafisha maji ya kunywa na, kwa aibu kubwa, kuua wanajeshi kwenye mahandaki. Leo chupa ya jiki ni kitu cha kawaida katika nyumba nyingi za mijini Afrika Mashariki, na kila kipindupindu kinapozuka, vidonge vya klorini hugawiwa mitaani. Pamoja na mazoea hayo yote, swali la jinsi inavyoua lilikaa muda mrefu bila jibu la kuridhisha. Ukiifuatilia historia yake utaona kwamba elimu ilikwama kila wataalamu walipoamini kuwa klorini huunguza chochote inachokigusa bila kubagua, na ilisonga mbele kila mtu alipouliza inagonga wapi kwanza. Inagonga protini, na ndani ya protini inatafuta kabla ya vyote atomi chache za salfa. Ndugu zake bromini na iodini, ambazo pamoja nayo huitwa halojeni, zina tabia inayokaribiana na hiyo, na mwishoni bromini italeta ushahidi ambao wachache waliutarajia.

Kwa miaka mingi ya mwanzo, kilichoshughulikiwa na klorini kilikuwa rangi na harufu. Scheele mwenyewe aliona gesi ile ya kijani-manjano ikifuta rangi ya majani na maua. Mwaka 1785 Claude-Louis Berthollet wa Ufaransa alionyesha kwamba inang'arisha vitambaa, na kufikia mwaka 1799 Charles Tennant wa Glasgow alikuwa na hataza ya unga wa klorini na chokaa ambao ungeweza kusafirishwa kwa mapipa. Harufu iliingia kupitia kazi isiyo na heshima: mjini Paris kulikuwa na karakana za kutengeneza nyuzi kutokana na utumbo wa wanyama, ambako utumbo uliachwa uoze ili utando wake uambuliwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 mfamasia Antoine Germain Labarraque alipata njia ya kutumia maji ya klorini kuuambua utando bila uozo, na tangu hapo dawa yake ikapelekwa kwenye vyumba vya maiti, magereza na wodi. Ignaz Semmelweis alipoichagua klorini ya chokaa katika Hospitali Kuu ya Vienna mwezi Mei 1847, hakuwa na habari ya bakteria. Alijua tu kwamba mikono ya wanafunzi waliotoka kupasua maiti ilibaki na harufu ya mauti hata baada ya kuoshwa kwa sabuni, na kwamba klorini iliiondoa harufu hiyo. Mwezi Aprili homa ya uzazi ilikuwa imefikisha vifo vya akina mama katika kliniki yake asilimia 18.3, Juni vilishuka hadi asilimia 2.2, na Julai hadi 1.2. Tarakimu hizi ni miongoni mwa hoja nzito kabisa katika historia ya tiba, lakini hazikusema lolote kuhusu kilichotokea kwenye ngozi ya mikono ile. Semmelweis alikuwa sahihi kuhusu matokeo bila kuwa na njia ya kueleza sababu, na nadhani upungufu huo ulichangia kumfanya apuuzwe.

Baada ya Koch na Pasteur, ilifahamika kwamba kinachouawa ni vimelea. Mwaka 1908 daktari John Leal alianza kutia klorini mfululizo katika maji ya Jersey City, Marekani, na miji mingine ikafuata. Maelezo ya kitaalamu ya wakati huo yalisema kwamba klorini ikiingia majini huachia oksijeni changa, yenye ukali, na oksijeni hiyo ndiyo inayounguza mwili mzima wa bakteria. Ni maelezo yaliyotosheleza watu kwa miongo kadhaa, nayo yalikuwa na kasoro iliyo wazi: haidrojeni peroksaidi nayo huachia oksijeni, lakini huhitajika kwa kiasi kikubwa zaidi ili kuua bakteria wale wale. Kama kuungua kwa oksijeni ndiko kungekuwa sababu, tofauti hiyo isingekuwapo.

Protini iliingia katika simulizi kwa mlango wa vita. Aprili 22, 1915, jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya gesi ya klorini karibu na Ypres, Ubelgiji, na watu wakafa kwa mapafu kujaa maji. Mwaka huo huo, mkemia Mwingereza Henry Dakin alikuwa akitafuta klorini ya namna nyingine, isiyomdhuru mtu, ili kuokoa majeruhi ambao vidonda vyao vilikuwa vikioza. Alishirikiana na daktari wa upasuaji Alexis Carrel katika hospitali ya Compiègne, kaskazini mwa Paris. Dawa waliyoitengeneza ilikuwa na haipokloraiti ya sodiamu isiyozidi nusu ya asilimia moja, ukali wake ukiwa umepunguzwa kwa asidi ya boriki. Mirija myembamba ya mpira yenye matundu iliingizwa hadi ndani kabisa ya kidonda, ngozi iliyokizunguka ikafunikwa kwa shashi iliyopakwa vaselini, na kila baada ya saa mbili dawa mpya ilimiminwa. Sababu ya saa mbili ndiyo muhimu kwa hoja yetu. Dakin aliona kwamba dawa ikigusa usaha na damu nguvu yake hutoweka upesi, kwa sababu protini za kidonda huinyonya. Alipochunguza zaidi alikuta kwamba klorini haipotei yote. Sehemu yake hujishikiza kwenye nitrojeni ya protini na kufanya viunganishi viitwavyo kloramini, ambavyo vyenyewe bado huua vimelea. Mwaka 1916 yeye na wenzake walichapisha kazi yao juu ya kundi hilo la dawa. Tangu hapo ilikuwa vigumu kuzungumzia moto usiobagua: klorini ilikuwa na mahali pa kushika, na mahali penyewe palikuwa katika protini. Dakin alikuwa akitazama nitrojeni. Salfa ilibidi isubiri.

Ilisubiri zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1948 Wamarekani wanne, Knox, Stumpf, Green na Auerbach, walifanya jambo ambalo sasa linaonekana la wazi lakini halikuwa hivyo wakati ule. Walipima bakteria aina ya Escherichia coli kwa kiasi kidogo cha klorini kinachotosha tu kuwaua, wakatazama ni kazi gani ya seli inayosimama. Waliona kwamba uwezo wa kuitumia glukosi unazimika sambamba na kifo, na kwamba vimeng'enya vinavyonyamazishwa ni vile vinavyotegemea salfa yenye haidrojeni, ambayo hubebwa na asidi amino iitwayo sisteini. Mpingaji anaweza kusema kwamba klorini huharibu pia utando wa seli na DNA, na ni kweli. Ukimimina jiki ya kutosha hakuna kitakachosalia. Lakini uharibifu wa dozi kubwa hauelezi kifo cha dozi ndogo, kwa maana bakteria alikwisha kufa kabla ya DNA yake kuguswa vya kutosha. Hata kazi ya James Hurst na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1980, iliyotilia mkazo kwamba bakteria hupoteza uwezo wa kutengeneza nishati yake ya ATP, iliishia kwenye mashine za utando ambazo zenyewe zimejengwa kwa protini. Kila njia ya kuikwepa protini ilirudi pale pale.

Wakati huo huo, bila mawasiliano na watu wa maji na dawa za kufulia, ukurasa mwingine ulikuwa ukiandikwa Stockholm. Usaha wa kijani, na makohozi ya kijani ya mtu mwenye kifua, kwa sehemu kubwa hupata rangi hiyo kutoka kwa seli nyeupe za damu zilizokuja kupigana na bakteria. Mwaka 1941 Kjell Agner aliitoa rangi hiyo katika usaha wa wagonjwa wa kifua kikuu, akaisafisha, akakuta ni kimeng'enya chenye madini ya chuma. Alikiita verdoperoksidesi, kwa ajili ya ukijani wake. Baadaye kikaitwa mieloperoksidesi. Kwa wingi wake ndani ya seli hizo, takriban asilimia 5 ya uzito wake mkavu, ilikuwa lazima kiwe na kazi kubwa, ila kazi hiyo haikujulikana. Tayari mwaka 1933 Baldridge na Gerard walikuwa wameona kwamba seli nyeupe za mbwa zinapomeza bakteria hutumia oksijeni kwa kasi ya ghafla, wakadhani ni nishati ya kumezea. Seymour Klebanoff, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, ndiye aliyeviunganisha vipande. Katika kazi alizochapisha mwaka 1967 na 1968 alichanganya kimeng'enya cha Agner, haidrojeni peroksaidi na chumvi ya halojeni, kwanza iodini na halafu klorini na bromini, na bakteria wakafa. Alipoondoa kimoja tu kati ya vitatu, waliishi. Mwaka 1973 kundi la Bernard Babior lilionyesha kwamba ile oksijeni ya ghafla hugeuzwa kuwa superoksaidi, ambayo huzaa peroksaidi. Mwaka 1976 Harrison na Schultz wakathibitisha kwamba kimeng'enya hicho hugeuza chumvi ya kawaida ya damu kuwa asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo kiini cha dawa ya Labarraque na ya Dakin. Damu yetu ina kloridi tele na peroksaidi hutengenezwa pale inapohitajika. Mwili ulikuwa na klorini ya kuulia bakteria kabla ya Scheele kuzaliwa.

Ugunduzi huo ulibadilisha uzito wa swali. Klorini ya mtungini ikiharibu ovyo, ni hasara ya msafisha maji tu. Lakini inayotengenezwa ndani ya seli yetu, umbali mdogo sana kutoka kwa protini zetu wenyewe, ikiharibu ovyo, seli hiyo isingeweza kufanya kazi yoyote. Kwa hiyo ilibidi upimwe mpangilio wa uharibifu. Christine Winterbourn wa Christchurch, New Zealand, mwaka 1985 alilinganisha namna vitu mbalimbali vya mwili vinavyogombea asidi ya haipoklorasi, na mwaka 2001 David Pattison na Michael Davies wa Sydney walitoa viwango vya kasi kwa kila sehemu ya protini. Kasi ya methionini, asidi amino yenye salfa, ni milioni 38 kwa kipimo cha kikemia cha moli na sekunde. Sisteini ni milioni 30. Histidini inashuka hadi kama 100,000, triptofani 11,000, lisini 5,000. Tirosini ni 44 tu, na uti wa mgongo wenyewe wa protini uko chini zaidi. Zaidi ya mara 800,000 ndiyo tofauti kati ya methionini na tirosini. Sumu yenye tofauti kama hiyo haiunguzi, inachagua. Klorini iliyo katika asidi hiyo ina njaa ya elektroni, na salfa ndiyo inayoziachia kwa urahisi kuliko jirani zake wote. Methionini hupoteza elektroni na kubeba oksijeni, sisteini huungana na sisteini nyingine au huharibika moja kwa moja, na nitrojeni za lisini na histidini hubeba klorini kwa muda, zikiwa kloramini zile za Dakin, na huweza kuipitisha kwa jirani.

Bado ilibaki hatua kutoka kwa salfa iliyoguswa hadi kifo cha seli, na hapo ndipo mwaka 2008 maabara ya Ursula Jakob katika Chuo Kikuu cha Michigan ilipoleta matokeo ninayoyaona kuwa kitovu cha historia hii yote. Protini ni uzi uliokunjwa kwa umbo maalumu, na kazi yake yote imo katika umbo hilo. Jeannette Winter na wenzake walionyesha kwamba asidi ya haipoklorasi hukunjua protini za bakteria, zikapoteza umbo, zikashikana na kuganda, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, lakini bila joto. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka kwa bakteria wenyewe. Wana protini mlezi iitwayo Hsp33, ambayo kazi yake ni kuzishika protini zinazokunjuka zisigandane. Hsp33 hukaa bila kazi hadi klorini inapozigusa sisteini zake. Hapo hukunjuka sehemu yake na kwa kukunjuka huko huamka. Bakteria wasio na Hsp33 hufa kwa dozi ambayo wenzao huistahimili. Kiumbe hawezi kutunza kinga mahususi dhidi ya kukunjuka kwa protini kama kukunjuka huko si tishio la kweli maishani mwake. Mwaka 2012 maabara hiyo hiyo ilikuta kinga ya namna hiyo katika Vibrio cholerae, kimelea cha kipindupindu tunachopambana nacho kwa klorini ile ile: Hsp33 yake huilinda protini inayohitajika kwa kutengeneza protini nyingine zote.

Pingamizi gumu zaidi halitoki maabara ya kemia, linatoka hospitali. Mwaka 1969 Lehrer na Cline walimweleza mgonjwa aliyekosa kabisa mieloperoksidesi na ambaye fangasi aina ya Candida walikuwa wamemwenea mwilini. Ilionekana hoja imekamilika. Lakini mashine za kuhesabu seli za damu zilipoanza kupima watu wengi, iligundulika kwamba mtu mmoja kati ya elfu kadhaa hana kimeng'enya hicho, na wengi wao ni wazima wa afya. Mwaka 2002 kundi la Anthony Segal la London lilikwenda mbali zaidi na kudai kwamba mauaji hufanywa hasa na vimeng'enya vya kukata protini, wala si klorini. Pingamizi hili linastahili kukubaliwa kwa sehemu. Linathibitisha kwamba seli nyeupe ina silaha zaidi ya moja, na kwamba walioifanya klorini kuwa silaha pekee walipita kiasi. Halithibitishi kwamba klorini haiui, wala haligusi namna inavyoua. Watoto wenye ugonjwa ambao seli zao haziwezi hata kutengeneza superoksaidi huugua maambukizi makali yanayojirudia. Kwa hiyo mnyororo mzima wa oksijeni ni wa lazima hata kama kiungo cha mwisho kinaweza kuzibwa na kingine. Kinachonisumbua zaidi ni matokeo mengine ya Christchurch, ya mwaka huo huo wa 2002: seli nyeupe inapommeza bakteria, sehemu kubwa ya klorini inayoacha alama kwenye tirosini huonekana kwenye protini za seli yenyewe, si za bakteria. Silaha hii humjeruhi anayeibeba, na seli hizo huishi muda mfupi.

Jeraha hilo likitokea mahali pabaya huwa ugonjwa. Mwaka 1994 mieloperoksidesi ilionekana katika kuta za mishipa ya damu iliyoziba kwa kolesteroli, na mwaka 1997 Stanley Hazen na Jay Heinecke walikuta tirosini yenye klorini imezidi sana katika chembe za mafuta zilizotolewa humo. Msomaji makini atauliza: kama tirosini ina kasi ya 44 tu, imepataje klorini wakati salfa ziko karibu? Na je, alama hiyo ni sababu ya ugonjwa au moshi wake? Maswali yote mawili ni halali, na yalijibiwa pamoja. Katika protini iitwayo apoA-I, ambayo huzoa kolesteroli kutoka kwenye seli, klorini haikutua kwenye kila tirosini. Ilipendelea ile ya nafasi ya 192, iliyo karibu na lisini inayoishika klorini kwanza na kumpasia jirani. Kisha mwaka 2006 kundi la Heinecke lilionyesha kwamba tirosini hiyo peke yake haitoshi kuidhoofisha protini: methionini nazo lazima ziwe zimeoksidishwa. Walipotumia kimeng'enya kinachoirudisha methionini katika hali yake ya awali, protini ilirejea kuzoa kolesteroli. Tirosini hudumu na alama yake kwa sababu hakuna wa kuifuta, hivyo ndiyo inayoonekana kwenye vipimo. Salfa huguswa kwanza, hutengenezwa tena, na kwa hiyo huondoka bila kuacha ushahidi, ingawa ndiyo iliyoamua kama protini itafanya kazi au la.

Kama uchaguzi huo ni wa kweli, basi mwili ungeweza kuutumia kujenga, na hapo bromini inaingia. Chini ya ngozi, kuzunguka mishipa ya damu na ndani ya figo kuna utando mwembamba unaozishikilia seli, uliofumwa kwa kolajeni ya aina ya nne. Mwaka 2009 maabara ya Billy Hudson ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, ilitambua kiungo kinachozishona nyuzi zake: salfa ya methionini moja imeungana moja kwa moja na nitrojeni ya lisini iliyo ng'ambo. Kiungo hicho kilikuwa hakijawahi kuonekana katika kiumbe hai. Mwaka 2012 ilionekana kwamba anayekishona ni kimeng'enya kiitwacho peroksidasini, kwa kutumia halojeni zenye ukali, na mwaka 2014 ikathibitika kwamba bromini ndiyo inayofaa: huishambulia salfa ya methionini ile ile ambayo katika protini nyingine shambulio hilo lingekuwa uharibifu, na kwa kuwa lisini iko mahali pake, kinachozaliwa ni mshono. Nzi wadogo wa matunda waliolishwa chakula kilichoondolewa bromini walikua vibaya na kufa. Waliporudishiwa bromini, walikua na kuishi.